Fundi anasema ninunue fayawoli ya milioni 2 na laki 6 kwa gesti yangu, ni lazima?

"Habari mtaalamu. Mimi ni mama, nina gesti ya vyumba 14 hapa Nyegezi, Mwanza, jirani na stendi. Intaneti ni ruta moja, waifai ya wageni na ya mapokezi ni hiyohiyo, pasiwedi imebandikwa kaunta. Kompyuta ya mapokezi ina hesabu na picha za vitambulisho vya wageni. Kamera ziko nane na DVR yake, fundi aliyezifunga alisema ameiweka DMZ ili nikiwa kwetu Nansio nizione kwenye simu. Wiki iliyopita umeme ulikatika, uliporudi kamera zikawa zinaonyesha mwaka 2000. Fundi mwingine akaniambia tumeshaingiliwa na wahuni wa mtandao, ninunue fayawoli ya milioni 2 na laki 6. Mwanangu anasema kompyuta ina fayawoli yake ndani na ameniwekea VPN ya bure, inatosha. Nimsikilize nani? Na hiyo DMZ ni kitu gani?"

Mama shikamoo. Swali lako nimelisoma mara mbili maana ndani yake kuna maswali matano, na hofu yako naielewa kabisa. Umetunza vitambulisho vya watu, una kamera, alafu mtu anakuja anakwambia umeshaingiliwa, hapo usingizi unatoka wapi.

Nianze na huo mwaka 2000 kwasababu ndo uliokutisha. Ndani ya DVR, yaani ile mashine inayorekodi picha za kamera, kuna kibetri cha duara kama sarafu, kazi yake ni kutunza saa pale umeme unapokuwa haupo. Kikichoka, umeme ukikatika mashine inasahau saa na inaanza upya kwenye tarehe iliyotoka nayo kiwandani, na kwa DVR nyingi tarehe hiyo ni tarehe 1 Januari 2000. Hiyo peke yake sio dalili ya kuingiliwa mama. Fundi akibadilishe kibetri, arekebishe saa, alafu awashe kile kipengele cha NTP kinachofanya mashine ijivutie saa sahihi kutoka kwenye intaneti. Usilicheleweshe hili, maana siku mgeni akiibiwa begi ukapeleka polisi rekodi ya mwaka 2000 itakusumbua kuieleza.

Kwahiyo fundi wa pili dalili ameisoma vibaya. Lakini kuna kitu umekiandika kwa kupita tu na mimi ndo kilichonishtua, hiyo DMZ. Ili nikueleze kwanini, inabidi tuanze na fayawoli yenyewe ni nini, maana jina linadanganya, watu wengi wanafikiria ni ukuta.

Fayawoli ni mlinzi wa getini mwenye daftari. Intaneti inasafiri kwa vipande vidogo vinaitwa pakiti, na kila pakiti imeandikwa inatoka anwani gani, inaenda anwani gani na inataka mlango namba ngapi. Mlinzi anasoma hayo maandishi, anaangalia masharti aliyopewa, yanaitwa ruli, anaanza ya juu anashuka mpaka apate inayohusika, hapo anaamua pita au rudi. Mlinzi aliyefundishwa vizuri, ruli yake ya mwisho kabisa inasema yeyote ambaye sijaambiwa habari zake asiingie. Mafundi wanaita difolti dinai, na ukiwa na fundi anakusetia chochote muulize hilo swali moja, ruli ya mwisho inasemaje? Akisema ruhusu wote, basi pale geti lipo ila limeegeshwa tu.

Sasa daftari. Zamani, fayawoli za miaka ya 1980 mwishoni zilikuwa zinaangalia kila pakiti kivyake, hazikumbuki kitu. Za sasa zinakumbuka. Mgeni wako wa chumba namba 6 akifungua video, mlinzi anaandika kwenye daftari kwamba huyu ametoka, ameenda anwani fulani, anategemea majibu. Majibu yakija yanapita bila usumbufu kwasababu yameandikwa. Pakiti nyingine ikija getini ambayo hakuna mtu wa ndani aliyeiita, haimo kwenye daftari, inaachwa nje. Hii ndo inaitwa steitifulu, na habari njema ni kwamba ruta yako hiyohiyo ya kawaida, ile uliyopewa na kampuni ya intaneti, inayo. Yaani mama fayawoli tayari unayo, labda hujui tu inakaa wapi.

Kuna na kitu cha pili ruta inafanya kinaitwa NAT. Ifikirie kama S.L.P. ya shule. Wanafunzi mia tano wote wanatumia sanduku moja la posta, barua inafika sanduku moja, alafu pale ofisini kuna mtu anayejua hii ni ya nani. Gesti yako kwa nje ina anwani moja tu, ndani kila simu na kompyuta ina anwani yake ya ndani, mara nyingi inaanza na 192.168, na ruta ndo mgawaji. Barua ikija bila jina la mwanafunzi, mgawaji hajui ampe nani, anaiweka pembeni. Kwahiyo NAT inasaidia kuficha vifaa vya ndani japo haikutengenezwa kwa ajili ya ulinzi, ilitengenezwa kwasababu anwani za intaneti zilikuwa zinaelekea kuisha.

Bado mlango mmoja, alafu tufike kwenye DMZ. Kila kifaa kina milango yenye namba, inaitwa poti, kuanzia 0 hadi 65535. Tovuti za kawaida zinatumia 443, zamani 80. Kuiongoza kompyuta ya Windows ukiwa mbali ni 3389. Kushirikishana mafaili ndani ya ofisi ni 445. Ile njia ya kizamani ya kuingia kwenye vifaa kwa maandishi, Telnet, ni 23. Mlango kuwepo sio tatizo, tatizo ni mlango ulio wazi na nyuma yake kuna kitu chenye pasiwedi ya kitoto.

Sasa hiyo DMZ. Neno lenyewe limetoka jeshini, ni ule ukanda usio na majeshi kama uliopo kati ya Korea mbili tangu 1953. Kwenye mtandao wa taasisi kubwa DMZ ni kitu kizuri, ni eneo lililotengwa kati ya nje na ndani, wanaweka pale mashine za kuhudumia watu wa nje, ili hata mashine hiyo ikivunjwa mwizi abakie uani asifike chumbani. Ila kwenye ruta ndogo za nyumbani neno hilohilo lina maana nyingine kabisa na hapa ndo watu wanaumia. Kule linamaanisha kila kitu kitakachogonga kutoka nje, poti yoyote ile, mpelekee huyu. Hakuna eneo lililotengwa wala nini. DVR yako iko kwenye netiweki ileile ya kompyuta ya mapokezi, na mlinzi ameambiwa akija mtu yeyote usiyemjua mpitishe moja kwa moja mpaka kwenye DVR. Fundi hakufanya kwa ubaya, ni njia ya mkato ya kufanya kamera zionekane ukiwa Nansio bila kuhangaika kujua DVR inatumia poti gani.

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. Niliitwa ofisi moja Kirumba, wafanyabiashara wa dagaa, sio mbali na soko la samaki la Mwaloni. Walikuwa wamewekewa DMZ kwenda anwani ya ndani inayoishia na 100, ndo ilikuwa ya DVR. DVR ikafa, ikatolewa. Baadaye wakanunua kompyuta ya mhasibu, ikachomekwa, na ruta ikaigawia anwani ya kwanza iliyokuwa tupu, ileile ya mwisho 100. Hakuna aliyejua. Mhasibu alikuwa amewasha ile huduma ya kuiongoza kompyuta akiwa nyumbani, ile ya poti 3389, na pasiwedi yake ilikuwa jina la duka na 123. Nilipofungua logi za ile kompyuta, yaani kumbukumbu inazojiandikia za nani amejaribu nini, nikakuta majaribio ya kuingia yaliyofeli, mengi, sekunde chache kwa sekunde chache, usiku kucha, majina yanabadilika tu, admin, user, test, admin tena, kutoka anwani za nchi ambazo hawa jamaa hawajawahi kuuza hata kisado cha dagaa. Bahati yao hawakuwa wameingiliwa bado. DMZ ilikuwa imesahaulika pale ikielekeza kwa mtu mwingine kabisa.

Hao wanaogonga sio mtu amekaa anakulenga wewe mama, na hili naomba ulielewe maana watu wanasema gesti yangu ndogo nani atahangaika nayo. Ni programu zinazopita anwani moja baada ya nyingine dunia nzima. Mwaka 2016 kulikuwa na kirusi kinaitwa Mirai, kilikuwa kinatafuta kamera, DVR na ruta zilizo wazi, kinajaribu orodha ya majina na pasiwedi za kiwandani kama 60 tu, basi, na hizo 60 zilitosha kukusanya malaki ya vifaa. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi kwa masaa. Wenye hizo kamera wengi wao hawakujua chochote, kamera iliendelea kuonyesha geti na korido kama kawaida.

Kwahiyo leo jioni fanya hivi, au mwambie kijana wako afanye. Mfungue ukurasa wa ruta, anwani yake na pasiwedi mara nyingi vipo kwenye stika chini ya ruta. Mtafute DMZ, mzime. Alafu chukua simu yako, zima waifai, tumia bando la simu, fungua ile app ya kamera. Zikionekana bado, basi DMZ haikuwa na kazi yoyote siku zote hizo. Na kuna uwezekano mkubwa zikaonekana, kwasababu DVR nyingi za sasa zinatumia njia inaitwa P2P, DVR yenyewe ndo inatoka nje kwenda kwenye seva ya kampuni iliyoitengeneza, simu yako nayo inaenda hukohuko, mnakutana kule. Kumbuka daftari la mlinzi, aliyetoka mwenyewe majibu yake yanarudi, haihitaji mlango uachwe wazi.

P2P nayo ina gharama yake nisikufiche. Unaiamini hiyo seva ya kampuni, na mtu yeyote mwenye ile stika ya kuskani iliyopo kwenye DVR akijua na pasiwedi anaona unachoona wewe. Kwahiyo DVR isikae wazi kaunta, na pasiwedi iwe ndefu, isiwe ile aliyoweka fundi siku ya kufunga maana huyo fundi anayo na pengine ameiweka hiyohiyo kwa wateja wake wote. Zikigoma kuonekana, usirudishe DMZ. Mwite fundi aiwashe P2P, au kama ruta yako inaweza awashe VPN ya kwenye ruta, ambayo ni tofauti na ile ya mwanao, nitaisema sasa hivi. Mkiwa humohumo kwenye ruta mzime na UPnP, kile kinachoruhusu kifaa chochote cha ndani kijifungulie poti chenyewe bila kukuuliza. Na mtazame kama kuna apdeti ya programu ya ruta na ya DVR.

Kwa mwanao sasa, hajakosea, ila ni nusu. Fayawoli ya ndani ya Windows ipo kweli na tangu 2004, kwenye XP ile ya Service Pack 2, inakuja ikiwa imewashwa. Aiache hivyohivyo na ahakikishe Windows inaichukulia hiyo netiweki kama ya hadharani, sio ya nyumbani, maana ukisema ya nyumbani inalegeza masharti kwa majirani wa humohumo. Ila inalinda kompyuta ile tu, haiilindi DVR wala printa. Na VPN ya bure kwenye app, hiyo inafunika safari ya mawasiliano yako kutoka hapo ulipo mpaka kwa mwenye VPN, yule wa katikati asione. Haifungi mlango wowote wa gesti. Na mwenye VPN mwenyewe anaona unakoenda, kwahiyo kama humjui ni nani na anaishi kwa kula nini mimi ningeitoa. VPN ya kwenye ruta ni kinyume chake, wewe ukiwa Nansio unaingia gesti kwa njia ya siri iliyofungwa, yako mwenyewe.

Nimekuja kwenye ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote baada ya DMZ, hiyo waifai moja kwa wote. Stendi ya Nyegezi inaleta watu wa kila aina, mtu anatoka Bukoba, mwingine Dar, analala usiku mmoja, laptopu yake hujui ina nini. Akishaungana na waifai yako yuko ndani ya geti tayari, na mlinzi wa getini hashughuliki na walio ndani. Mwaka 2017, tarehe 12 Mei, kirusi cha WannaCry kilisambaa nchi zaidi ya 150 kwa kuruka kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia ile poti 445, kinafunga mafaili alafu kinadai hela, na dawa yake Microsoft walikuwa wameshaitoa tangu Machi, watu hawakuapdeti. Kitu cha namna hiyo kikiingia na laptopu ya mgeni, vitambulisho na hesabu zako viko hatua moja tu.

Dawa yake haigharimu milioni. Ruta nyingi zina sehemu ya netiweki ya wageni, unaiwasha, inakuwa na jina lake na pasiwedi yake, hiyo ndo inabandikwa kaunta, na unawasha setingi ya kuzuia vifaa vya wageni visionane wala kuiona netiweki yako. Ya zamani unaibadilisha pasiwedi, inabaki ya kompyuta na DVR peke yake, na usalama wake uwe WPA2 au WPA3. Kama ruta yako haina hiyo sehemu, nunua ruta nyingine yenye nayo, au fundi akutengenezee VLAN, maana yake waya ni uleule ila swichi, kile kiboksi cha kuunganisha nyaya za mtandao, inaugawa kama nyumba moja yenye milango miwili isiyoingiliana. Sebule ya wageni isikutane na chumba cha mama mwenye nyumba.

Sasa hilo boksi la milioni 2 na laki 6. Sio utapeli, vifaa hivyo vipo na ni vizuri. Vinasoma zaidi ya anwani na poti, vinaangalia ni programu gani inaongea, vinatambua mashambulizi yanayojulikana na kuyakata, hiyo ndo wanaita IPS, na ikitambua bila kukata, inapiga kelele tu, ni IDS. Ila muulize fundi leseni ya kila mwaka ni kiasi gani, maana orodha ya mashambulizi inabidi iapdetiwe na leseni ikiisha unabaki na mlinzi anayetafuta wezi wa mwaka juzi. Muulize nani atakuwa anasoma logi. Muulize ataandika ruli gani, akuonyeshe kwenye karatasi. Na ujue mawasiliano mengi leo yamefungwa kwa HTTPS, yaani maandishi ya siri kati yako na tovuti, boksi linaona bahasha halioni barua mpaka lisetiwe kuifungua, kazi ambayo nayo ina matatizo yake.

Kwa gesti ya vyumba 14 yenye kompyuta moja, maoni yangu ni usinunue sasa hivi. Ukifungua gesti ya pili ukataka ziunganishwe, au ukiweka seva ya kupokea oda za vyumba ndani ya jengo, hapo tutaongea upya na nitakuwa wa kwanza kukwambia nunua. Sehemu ya hiyo hela nunulia diski ya nje, binti wa mapokezi awe anakopi hesabu kila Jumamosi alafu anaichomoa na kuifungia kabatini. Na umkalishe umwonyeshe kwamba faili lililokuja kwa imeili kutoka kwa mteja asiyemjua asilifungue tu, kwasababu akilifungua yeye mwenyewe, kwa daftari la mlinzi huyo ni mtu wa ndani ametoka kwa hiari yake, hata boksi linaweza lisimuulize.

Kuna wakati haya ya kusoma hayatoshi na inabidi mtu aje hapo. Kama pasiwedi ya DVR imekataa na wewe hujaibadilisha, kama kwenye orodha ya watumiaji wa DVR kuna jina usilolijua, kama mafaili ya kompyuta yamebadilika majina na kuna maandishi ya kudai hela, chomoa waya wa intaneti, usifute kitu, usikubali fundi apige fomati siku hiyohiyo, mwite mtu anayejua. Mtu akikutumia picha za kamera zako akidai hela, nenda polisi na simu yako ikiwa na ujumbe wote. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Na wewe upande wako, hizo picha za vitambulisho zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwahiyo za wageni wa miaka mitatu nyuma ambazo huna kazi nazo zitoe kwenye hiyo kompyuta.

Kijana akishaingia kwenye ruta, aangalie ukurasa wa hali ya mtandao, kuna namba imeandikwa WAN, yaani anwani ya ruta upande wa nje. Ikianza na 10, au na 100 ikifuatiwa na chochote kati ya 64 na 127, maana yake kampuni yako ya intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja na mtu wa nje hakufikii moja kwa moja, DMZ ilikuwa inaelekeza hewani, hapo nitapumua. Ikiwa ni nyingine, izime DMZ usiku huuhuu kabla ya kulala. Niandikie zile namba mbili za mwanzo tu, zilizobaki usimtumie mtu, hata mimi.